Jiko la Moshi: Tazama Chuma, Usitazame Rangi

Sisi watu wa pwani moshi hatuuogopi. Nyumba zetu hufukizwa udi, nguo za harusi hutandazwa juu ya chetezo, na samaki hubanikwa kwa vijiti kando ya moto mpaka apate rangi ya dhahabu. Kwa hivyo niliposikia kuwa Kitengela kumezuka mtindo wa kuweka jiko la kupikia nyama kwa moshi nyuma ya nyumba, sikuona ajabu. Nilitaka kujua jambo moja tu: mtu alichague vipi asije akala hasara?

Kitengela, kwa msomaji asiyepajua, ni mji wa kaunti ya Kajiado, kiasi cha kilomita 30 kusini ya Nairobi katika barabara iendayo Namanga. Zamani palikuwa malisho ya Wamaasai. Leo pamejaa nyumba za mawe, kila moja na kiwanja chake cha thumuni ya ekari. Mpwa wangu ni mmoja wa waliojenga huko, naye alinipigia simu kabla ya Idi ya kuchinja. "Shikamoo mjomba. Nataka jiko la moshi. Njoo unishauri kabla sijalipa." Nikaenda.

Jiko lenyewe lina sehemu tatu. Kuna tumbo, yaani pipa lililolazwa, ambalo ndani yake nyama hupangwa juu ya chanja ya chuma. Ubavuni, chini kidogo, pana chumba cha moto. Upande wa pili pana dohani. Kuni huwaka katika chumba chake. Joto na moshi hupita tumboni juu ya nyama, kisha hutoka kwa dohani. Ulimi wa moto hauigusi nyama hata kidogo.

Jiko la namna hii limepata sifa huko Texas, Marekani, ambako mafundi hulehemu mabomba makuukuu ya visima vya mafuta wakayafanya majiko. Lakini hekima ya kuitenga nyama na moto si ngeni kwetu. Mbanika samaki aijua. Na Wamaasai, vijana wao wanapokwenda porini kula nyama katika olpul, huchomeka mishikaki mirefu ardhini, imeelekea motoni bila ya kuingia motoni.

Sasa, ndugu msomaji, jiulize kwanza: nyama yako ni ipi? Ikiwa ni mbuzi wa kuchoma, kama wale wanaouzwa katika masoko ya mifugo ya Kajiado na Bissil, makaa na wavu vyatosha, usitupe pesa. Mbuzi hana mafuta mengi, na moshi wa saa nyingi utamkausha. Jiko hili ni la nyama ngumu yenye kano: kidari cha ng'ombe, na hasa nundu, ambayo ng'ombe wetu wa kizebu na wa Sahiwal wanayo. Wabrazili huipika nundu polepole wakaiona ni tunu. Joto la tumboni liwe kati ya digrii 110 na 130, na subira iwe ya saa kumi au zaidi kwa kidari kizima. Kano hulainika pale ndani ya nyama panapofika kiasi cha digrii 90 na kitu.

Tulikwenda kwa mafundi wa jua kali kando ya barabara. Kijana mmoja alituonyesha jiko jeusi linalong'aa.

"Mzee, hili nimelipaka rangi ya kustahimili moto."

"Na kabla ya rangi, pipa lilikuwa na nini?"

Akacheka. "Hilo bado hakuna mteja ameniuliza."

Basi hilo ndilo swali la kwanza, maana ni swali la afya. Pipa la lita 200 huenda lilibeba mafuta ya kula, na huenda lilibeba dawa ya kuulia wadudu au kemikali za kiwandani. La sumu halisafishiki kwa sabuni. Asiyeweza kukuambia lilikotoka, mwache na pipa lake. Hata lililobeba chakula lichomwe kwanza kwa moto mkali, kwani aghlabu ndani hupakwa rangi. Na chuma kilichopakwa zinki kisitumiwe, kwani kikipata moto mkali hutoa mvuke wenye madhara.

La pili ni unene wa chuma. Pipa la kawaida halizidi sana milimita moja. Katika mbuga za Kitengela upepo hauna kizuizi, na chuma chembamba hupoteza joto mara upepo uvumapo. Majiko bora ni ya milimita 6, lakini bei yake si ya kila mtu. Mwenye uwezo wa wastani na aweke pesa zake katika chumba cha moto, kwa sababu ndicho kitobokacho kwanza. Tumbo laweza kuwa la pipa.

La tatu ni pumzi ya jiko. Washa gazeti katika chumba cha moto, ufunge milango. Moshi ukitoka kwa dohani, jiko lapumua. Ukivuja kwa milango, fundi hajamaliza kazi yake. Chumba cha moto kiwe kama theluthi ya tumbo. Kikiwa kidogo mno, utahangaika na kuni usiku kucha.

Kuni nazo ziwe kavu. Kuni mbichi hutoa moshi mweupe mzito, na nyama huwa chungu. Moshi mzuri ni mwembamba, wa samawati, kama udi uliotiwa kwa kiasi. Wamaasai husafishia vibuyu vya maziwa kwa vijinga vya mzeituni wa mwituni, wauitao oloirien, na maziwa hupata harufu njema. Lakini mti huo hukua polepole, na ardhi ya Kajiado imeumizwa na wachoma makaa na ukame. Matawi yaliyopogolewa ya mwembe na mpera yatosha kabisa.

Kwa sisi Waislamu pana jambo jingine. Muulize mwenye bucha nani aliyechinja. Na ukinunua jiko lililokwisha kutumiwa, uliza lilipikiwa nini, maana mafuta ya nguruwe hugandama katika chuma.

Mpwa wangu hakulichukua lile jeusi. Aliagiza jingine, la pipa la mafuta ya kula lililooneshwa na nembo yake, na chumba cha moto cha chuma kinene. Nikamwongezea wasia mmoja. Katika thumuni ya ekari, moshi wa saa kumi haukai kwako. Huingia dirishani kwa jirani. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwusia Abu Dharr aongeze maji katika mchuzi apate kuwakumbuka majirani. Kidari hakiongezwi maji. Basi na kinunuliwe kikubwa, na kipande cha kwanza kivuke ua.