Kijana Anapobadilika: Dalili za Mwanzo za Ugonjwa wa Baipola

Taarifa za vijana wenye matatizo ya akili zinazoletwa na kamati za sharika mara nyingi huanzia mwishoni. Kijana amefungwa kamba nyumbani, au amekutwa stendi ya Msamvu usiku wa manane akiwahubiria abiria bila viatu, ndipo kamati inaulizwa kama kuna fedha ya kukodi gari. Katika toleo hili tumeonelea tuzungumzie miezi inayotangulia siku hiyo, kwani huko ndiko msaada mdogo unakoweza kufanya kazi kubwa.

Ugonjwa wenyewe ni baipola, yaani ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Mgonjwa hupitia kipindi cha kuchangamka au kukasirika kusiko kwa kawaida, na kipindi kingine cha huzuni nzito na kukosa nguvu. Katikati ya vipindi hivyo wengi hurudia hali yao, wakafanya kazi na kuimba kwaya kama kawaida, na hilo ndilo linalowafanya ndugu waamini kwamba jambo limekwisha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 40 duniani walikuwa na ugonjwa huu. Mara nyingi huanza kati ya umri wa miaka 15 na 25 hivi. Kwa lugha ya usharika, ni kati ya kipaimara na ndoa.

Tuanze na usingizi

Msamvu si mahali rahisi pa kuona dalili hizi. Mabasi ya kwenda Dodoma, Iringa na Mbeya hupita hapa, na kijana anayeuza maji na karanga madirishani anatakiwa awe mwepesi, msemaji na asiyeona haya. Dereva wa bodaboda anayekesha husifiwa kuwa ni mchapakazi. Tutamtofautishaje basi na kijana anayeanza kuugua?

Njia mojawapo nzuri ni kuuliza habari za usingizi. Kukesha kwa ajili ya kazi kunachosha, na aliyekesha akipata nafasi atalala hata juu ya pikipiki. Kijana aliyeanza kupanda hulala saa mbili au tatu, tena siku kadhaa mfululizo, na asubuhi ana nguvu kuliko aliyelala usiku kucha. Hasikii haja ya kulala. Pamoja na hilo huzungumza haraka na kuruka kutoka jambo moja hadi jingine kiasi kwamba wenzake hawapati nafasi ya kujibu. Anaweza kuanzisha miradi mitatu kwa juma moja, kutumia mkopo wa kikundi kwa kununulia watu vinywaji, kutaka kuuza kiwanja cha familia, au kujiingiza katika uhusiano wa kimapenzi ambao zamani angeuogopa. Wengine hawafurahi hata kidogo. Huwa wakali, na kila anayewazuia ni adui.

Hapa kanisa linapaswa kuwa makini kwa pande zote mbili. Kijana anayesali sana si mgonjwa kwa sababu hiyo. Lakini kijana aliyekuwa mpole, akaanza ghafla kusema amepewa mamlaka juu ya maaskofu wote, halali na hali, huyo asiachwe kwenye mkesha siku tatu huku tukimshangilia. Kipimo chetu kiwe ni yeye mwenyewe: je, ndivyo alivyokuwa mwaka jana?

Muda nao ni muhimu. Wataalamu huhesabu kipindi kamili cha kupanda kikidumu angalau wiki moja, karibu kutwa nzima kila siku, au muda wowote ule ikiwa hali ni kali kiasi cha kulazwa. Ipo aina nyepesi zaidi, ya siku nne mfululizo au zaidi, ambayo nyumbani haionekani kuwa ugonjwa kwa kuwa kijana anafanya kazi vizuri kuliko siku zote. Hasira za ujana zinazokuja asubuhi na kwisha jioni si baipola.

Swali linalosahaulika

Kwa vijana wengi, kipindi cha kwanza huwa ni cha kushuka. Kijana halali vizuri au analala mchana kutwa, ameacha shule au biashara, hali chakula, anasema yeye ni mzigo. Hali hiyo ikizidi wiki mbili apelekwe kituo cha afya. Huko anaweza kuambiwa ana sonona, na kwa siku hiyo inaonekana hivyo. Shida ni kwamba dawa za sonona zikitolewa peke yake kwa mwenye baipola zinaweza kumsukuma akapanda. Kwa hiyo lipo swali ambalo kila anayemsindikiza kijana hospitali hana budi kuwa na jibu lake: kabla ya huzuni hii, kuliwahi kuwa na siku ambazo halali na wala hachoki?

Hakuna kipimo cha damu kinachojibu swali hilo. Linajibiwa na mama, mwenzake wa chumba, au mwalimu wa kwaya. Kwa Waluguru, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, mjomba asisahauliwe. Ndiye anayeweza kukumbuka kwamba shangazi au babu fulani naye aliugua hivyo, akasemekana amerogwa. Kuwa na ndugu wa karibu mwenye ugonjwa huu huongeza uwezekano wa kuupata, ingawa watoto wengi wa wagonjwa hawaupati.

Tunashauri familia iwe na daftari dogo la tarehe, saa za kulala, chakula na fedha zilizotumika. Kurasa mbili za namna hiyo humsaidia daktari kuliko maelezo ya watu watano wanaobishana. Yapo pia madodoso ya maswali yanayotumiwa na wataalamu. Yanasaidia kujua nani aonwe zaidi, hayatoi jina la ugonjwa. Kamati nayo isilitoe. Malaria iliyopanda kichwani, VVU, kifafa, matatizo ya tezi ya shingo, bangi na pombe vinaweza kuleta picha inayofanana, na mwenye homa aliyechanganyikiwa anahitaji kupimwa siku hiyohiyo.

Akizungumzia kufa, asiachwe peke yake, na aulizwe wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo. Kule Mgeta na penginepo panapolimwa mboga, dawa za kunyunyizia mimea zitolewe nyumbani humo mara moja.

Mkoa wetu una historia yake katika huduma hii. Miaka ya 1980 Morogoro na Kilimanjaro ilikuwa mikoa ya kwanza ambako serikali, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, ilijaribu kuifikisha afya ya akili hadi kwenye zahanati badala ya kuiacha Mirembe, Dodoma, peke yake. Walutheri nao wanaikumbuka Lutindi, Korogwe, iliyoanza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani na kuanza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1904.

Ugonjwa huu unatibika kwa maana ya kudhibitiwa. Lithiamu ni dawa ya zamani na nzuri, ila inahitaji kupimwa damu mara kwa mara, jambo gumu kwa anayeshuka kutoka milimani. Valproeti inaweza kudhuru mimba, hivyo wazazi wa binti waulize kama ipo dawa nyingine. Maombi yaendelee, na vidonge viendelee. Wengi huugua tena baada ya kuacha dawa kwa kuwa wanajisikia wazima.

Kwa sababu hiyo, kinachohitajika zaidi kutoka kwa wafadhili wetu si jengo. Ni nauli ya kijana na msindikizaji wake kutoka Bunduki au Kinole hadi mjini kila tarehe ya kliniki, hata mwezi ambao hana dalili yoyote. Kamati zinazoandaa bajeti ziiandike kama safari za marudio, wala zisiiweke kwenye fungu la dharura.