Uzi: Digrii ya uhandisi wa viwanda italipa deni lake?

1/ Huku kwetu Kericho na Bomet, siasa ikipamba moto lazima Helb itajwe jukwaani. Mmoja anasema digrii ni karatasi tu, vijana waende tivet. Mwingine anasema someni, mkopo utajilipa. Wote wanapigiwa makofi. Leo tupige hesabu.

2/ Sababu ninayo. Mdogo wangu ameitwa kusomea uhandisi wa viwanda, miaka 5. Mama ana robo tatu ekari ya majani chai kule Konoin. Barua iko mezani na nyumbani usingizi umekuwa haba.

3/ Mfumo kwanza. Zamani serikali ilipeleka pesa chuoni na mwanafunzi akalipa karo ya 16,000 kwa mwaka. Tangu 2023, gharama ya kozi inagawanywa mara tatu: ufadhili, mkopo na mchango wa familia. Mwaka 2024 zilitangazwa bendi 5. Bendi ya 1 familia inatoa asilimia 5. Bendi ya 5 inatoa 40.

4/ Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mfumo huo unakiuka katiba. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo. Kwa hivyo mtu akikuambia jambo hili lilishaisha, muulize liliishia wapi.

5/ Sasa hesabu. Namba hizi ni za mfano, karo hubadilika. Tuseme kozi ni 250,000 kwa mwaka na mtoto yuko bendi ya 4: ufadhili 40%, mkopo 30%, familia 30%. Mama anadaiwa 75,000 kila mwaka. Shamba likitoa kilo 3,000 na bonasi iwe shilingi 20 kwa kilo, hiyo ni 60,000. Bonasi yote imeisha na karo haijatosha. Na hapo hatujanunua mbolea wala unga.

6/ Upande wa mtoto: mkopo wa karo 75,000 kwa mwaka, na wa matumizi tuseme 50,000. Miaka 5 ni 625,000. Riba ya Helb ni 4% kwa mwaka. Ukilipa kwa miaka 6, ni karibu 9,800 kila mwezi. Ukikwepa, faini ni 5,000 kwa mwezi.

7/ Tuseme amepata kazi ya 45,000. Toa kodi, NSSF, bima ya afya ya SHIF na makato ya nyumba, anabaki na karibu 36,000. Toa Helb, 26,000. Hapo kuna nyumba ya kupanga, nauli, na mama anayesubiri kutumiwa kitu. Inawezekana, ila inabana.

8/ Lakini "akipata" ndilo neno zito. Deni linaanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza chuo, kazi iwe imekuja au haijaja. Kabla ya kuitwa mhandisi kamili na Bodi ya Wahandisi, anahitaji angalau miaka 3 ya kazi chini ya usimamizi. Miaka hiyo ndiyo mishahara huwa midogo.

9/ Si huku kuna viwanda vya chai? Vipo, na kazi ya mhandisi wa viwanda ipo: majani yasiharibike yakingoja kupimwa, kuni zipungue kwenye kukausha, mashine zisisimame msimu wa majani mengi. Shida ni kwamba kiwanda kimoja kinahitaji wahandisi wachache tu. Na mkumbuke Mei 2023, watu walichoma mashine za kuchuma chai hapa Kericho. Mashine hiyo hiyo inayompa mhandisi kazi inamtoa mchumaji shambani, na huenda mchumaji huyo ndiye anayemlipia mhandisi karo.

10/ Na tivet je? Diploma inaisha mapema, deni ni dogo, mtu anaanza kuingiza pesa akiwa bado kijana. Lakini ngazi za juu za uhandisi zinataka digrii. Si kweli kwamba moja ni ujinga na nyingine ni akili. Zinabeba hatari tofauti.

11/ Kwa hivyo mgombea akisimama kwenye gari, mwulizeni matatu. Mchango wa familia ya mkulima utapimwa kwa ukubwa wa shamba au kwa bonasi iliyoingia? Asiye na kazi atatozwa faini kwa nini? Wahitimu watafanyia wapi ile miaka 3? Akijibu kwa wimbo, mmeshajua.

12/ Nyumbani tumeamua aende. Masharti ni mawili: mama haweki shamba rehani, na kila likizo ndefu binti anatafuta nafasi kiwandani, hata ya kufagia. Mimi nitaongeza ile 15,000 inayopungua. Siwezi kuapa kwamba italipa. Ila angalau tumeingia tukiwa tumefungua macho.

Wewe kwenu hesabu ilikuwaje?