Shingo Inayouma Kila Siku: Mikono ya Kukanda na Mazoezi Yako Mwenyewe



Katika mkutano mmoja wa kikundi niliona mama, msukaji hodari wa vyondo, akigeuza mwili mzima ili amwangalie jirani yake. Nikamwuliza, "Mama, shingo imekuwaje?" Akajibu, "Wacha tu, mwalimu. Huu ni mwaka wa pili." Pesa zake za mzunguko zilikuwa zikiishia kwa tembe na mafuta ya kujipaka. Kila akikandwa anapata nafuu siku mbili, kisha maumivu yanarudi. Alikuwa karibu kuacha kusuka, na kusuka ndiko kulikomlipia mtoto karo.

Wengi wetu tuko kama yeye. Basi tuzungumze.

Kwa nini shingo inauma?

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5, na kinashikwa na pingili 7 za shingo pamoja na misuli. Beba ndoo ya maji karibu na mwili: si taabu sana. Sasa nyoosha mkono mbele ukiwa nayo. Utachoka mara moja! Hivyo ndivyo misuli ya shingo inavyoteseka ukiinama saa nyingi juu ya kiondo, cherehani, jembe au simu. Ongeza mtungi wa lita 20, ambao ni kilo 20, ukivutwa kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso. Wasiwasi na kukosa usingizi pia huzidisha maumivu.

Maumivu yakipita miezi 3 tunayaita sugu. Mara nyingi hakuna mfupa uliovunjika. Mtu anaogopa kugeuza shingo, misuli inakauka na kulegea, halafu inauma zaidi. Ni kama bawaba ya mlango usiofunguliwa: inashika kutu.

Mikono inasaidia nini?

Mtaalamu wa fiziotherapia hulainisha misuli kwa mikono na kusogeza viungo vya shingo polepole. Maumivu hupungua na shingo hufunguka. Uchunguzi umeonyesha kwamba mikono pamoja na mazoezi hupunguza maumivu mapema kuliko mazoezi peke yake. Lakini baada ya miezi mingi tofauti hiyo hupotea. Maana yake ni nini? Mikono inafungua mlango. Mazoezi ndiyo yanayouzuia usijifunge tena. Ukikandwa tu halafu ukae, utarudi kulipa tena na tena.

Tahadhari! Usikubali mtu asiyesomea kazi hii, awe kinyozi au rafiki, akuzungushe shingo kwa ghafla mpaka ilie "ka!" Ni mara chache, lakini mshipa wa damu unaokwenda kwenye ubongo unaweza kuchanika na mtu akapooza. Tafuta mtaalamu aliyesajiliwa. Hapa Kenya kuna baraza la wataalamu hao lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, na hospitali nyingi za kaunti zina idara ya fiziotherapia. Na tembe kali za maumivu kama diklofenaki, usizimeze miezi na miezi bila daktari: zinaweza kudhuru tumbo na figo.

Mazoezi ya nyumbani

Kaa wima kwenye kiti. Fanya polepole kila siku, asubuhi na jioni.

1. Kidevu nyuma. Tazama mbele, vuta kidevu nyuma moja kwa moja, kama mtu aliyeletewa maziwa yaliyoharibika. Hesabu 5, achilia. Mara 10.
2. Kugeuza. Geuza uso kulia mpaka unapoweza, kisha kushoto. Mara 10.
3. Kusukuma. Weka kiganja kwenye paji la uso. Kichwa kisukume kiganja, kiganja kikatae, kichwa kisisogee. Hesabu 5. Fanya hivyo nyuma ya kichwa na kila upande. Mara 5.
4. Mabega. Vuta mabega nyuma kana kwamba unabana penseli katikati ya mgongo. Hesabu 5. Mara 10.

Kuvutika kidogo si hatari. Lakini maumivu yakishuka mkononi, au yakizidi kesho yake, punguza na umwulize mtaalamu. Usingoje muujiza wiki ya kwanza. Endelea angalau wiki 6.

Badilisha na kazi yenyewe

Kila nusu saa simama, jinyooshe. Inua kazi yako ikaribie macho. Beba mitungi miwili ya lita 10 badala ya mmoja wa lita 20. Afadhali zaidi, kikundi kinunue toroli ya kubebea maji. Na akina baba, hapa mnahusika: maji si ya mama peke yake.

Nenda hospitali bila kukawia ikiwa:

- shingo imeanza kuuma baada ya kuanguka au ajali;
- una homa kali na shingo imekakamaa;
- mikono au miguu inakosa nguvu au inakufa ganzi;
- mkojo au choo kinatoka bila wewe kujua;
- unakonda, unatoka jasho usiku, au maumivu hayakuachi hata ukilala.

Hizo usizikande wala kuzifanyia mazoezi kwanza.

Yule mama je? Alikwenda kwa mtaalamu mara nne, akafundishwa mazoezi, akayafanya kila siku kabla ya kuwasha moto. Baada ya kama miezi mitatu alinigeukia mkutanoni kwa shingo, si kwa mwili! Siku za kulima bado inamgusa kidogo. Lakini anasuka, na pesa za mzunguko sasa zinafika shuleni.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni wangapi kati yetu wana maumivu ya shingo zaidi ya miezi 3? Tumetumia pesa ngapi?
2. Ni kazi gani hapa kijijini inayotuumiza zaidi, na tunaweza kuibadilisha vipi?
3. Je, tunaweza kuanza kila mkutano kwa dakika 10 za mazoezi haya?