Kazi Inayotanguliza Ada

Natupige mfano wa kijana aliyetoka Muleba na cheti chake cha kidato cha nne, akahifadhiwa na shangazi yake hapa Miembeni, mjini Bukoba, akawa kila asubuhi hutoka kutafuta kazi na kila jioni hurudi mikono mitupu. Hata usiku mmoja akapata ujumbe katika simu kwamba amechaguliwa kuwa karani wa ghala, kwa mshahara mnono, maadamu atume shilingi 30,000 za fomu kabla ya saa nne asubuhi. Shangazi akamwuliza, "Mwanangu, mwajiri huyo amekuona wapi?" Kijana hakuwa na jibu, na fedha akazituma.

Siku ya pili akadaiwa 45,000 za vipimo vya afya. Siku ya tatu 60,000 za sare na bima. Asichekwe, kwani mlaghai hodari hadai fedha nyingi kwa mkupuo, bali hukata kidogo kidogo, akijua ya kuwa aliyekwisha kutoa mara mbili huona uchungu kuacha, na malipo ya tatu huyatoa si kwa kununua kazi, bali kwa kutaraji kuyaokoa yale mawili ya awali.

Kinga ya kwanza, iliyo bayana, imo katika neno lenyewe ujira. Ujira hutoka kwa mwajiri ukaenda kwa mwajiriwa, na fedha zikianza kufuata njia ya kinyume, hapo pana hadaa. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka kanuni kwamba wakala wa ajira asimtoze ada mtafuta kazi. Nazo nafasi za utumishi wa umma hutangazwa hadharani na Sekretarieti ya Ajira, na maombi yake hupelekwa bila malipo katika mfumo wa Ajira Portal. Kwa hiyo anayejidai kukuuzia nafasi ya serikali anauza kisicho chake.

Pili, kabla hujabonyeza namba ya siri, lisome jina linalojitokeza kwenye simu, kwani shirika linalojiita kubwa, likipokea fedha kwa jina la mtu binafsi, limekwisha kujifichua. Hata hivyo jina hilo lisikutoshe kuwa ithibati ya nani aliye upande wa pili, kwa sababu ijapokuwa tangu mwaka 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole, wapo wanaotumia laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vya watu wengine. Bonyeza *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na ujumbe wa kitapeli, pamoja na namba iliyoutuma, upeleke 15040.

Yaliyo mazito zaidi ni ya kazi za ng'ambo, kwa kuwa huko hupotea uhuru baada ya fedha. Wakala anayekushauri uvuke mpaka wa Mutukula ukapandie ndege nchi jirani, na ukiulizwa useme unakwenda kutembea tu, amekwisha kukufundisha uongo utakaokunyima ushahidi siku utakapohitaji msaada Muscat au Dubai. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 imeharimisha usafirishaji haramu wa binadamu, nayo hulitambua kosa hilo hata pale aliyesafirishwa aliporidhia kwa kudanganywa. Dai mkataba ulioandikwa kwa lugha uisomayo, usikabidhi pasi yako kwa wakala, na nakala za vyote viwili, pamoja na jina na anwani ya mwajiri, zibaki kwa shangazi.

Ama ile saa nne asubuhi haikuwekwa kwa ajili ya kazi ya ghala. Iliwekwa ili kijana asipate wasaa wa kuuliza. Lau swali la shangazi lingalirudishwa kwa njia ya ujumbe ule ule, na jibu likangojwa hadi jioni, zile 30,000 zingalisalia kibindoni.