Kweli au Si Kweli: Karatasi za Mwalimu wa Lugha ya Kigeni

Dirisha la ajira za walimu likifunguliwa, vibanda vya steshenari vya Musoma mjini hujaa. Vijana wa Buhare, Makoko na Nyasho hufika na bahasha za vyeti, wakaskani, wakajaza maombi mtandaoni, na wakisubiri zamu wanapeana ushauri. Ushauri mwingi ni wa heri. Mwingine humfanya mtu alipe ada ya miaka miwili kwa karatasi ambayo haimfikishi darasani, na wanaoumia zaidi ni wale wanaotaka kufundisha lugha: Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu, Kichina, au Kiswahili kwa wageni. Hizi hapa kauli nane zinazorudiwa sana, kila moja na hukumu yake. Msimamo wangu katika zote ni mmoja: uzamili ni mali ya kweli, lakini haushiki nafasi ya ualimu, na anayeweka ualimu mbele hupata vyote viwili.

1. “Ukiwa na uzamili wa lugha, wewe ni mwalimu tayari.”

Si kweli. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka anayefundisha shuleni awe mwalimu aliyesajiliwa, au awe na leseni ya kufundisha inayotolewa chini ya mamlaka ya Kamishna wa Elimu. Mwaka 2018 Bunge likapitisha sheria ya kuunda Bodi ya Kitaalamu ya Walimu, yenye kazi ya kusajili walimu na kuwapa leseni, kama ilivyo kwa taaluma nyingine. Kote huko kinachoulizwa kwanza ni kama umesomea ualimu.

Soma tangazo la kazi ya Mwalimu Daraja la III C, daraja la kuanzia kwa mwenye shahada. Linataka shahada ya ualimu yenye somo husika, au shahada ya somo hilo isiyo ya ualimu ikiambatana na Stashahada ya Uzamili ya Elimu, ile ambayo wengi wanaiita PGDE. Kwa hiyo aliyehitimu B.A. ya Kifaransa bila ualimu, akachukua PGDE ya mwaka mmoja, anakidhi vigezo. Mwenzake aliyekwenda moja kwa moja kwenye M.A. ya isimu anatoka na elimu nzito kuhusu lugha, lakini bado hajasoma saikolojia ya elimu, hajajifunza kutunga mtihani wala kuandaa azimio la kazi na andalio la somo, na hajasimama mbele ya kidato cha pili huku mkufunzi akiandika maoni nyuma ya darasa. Mazoezi hayo ya kufundisha ndiyo yanayomtenganisha msomi wa lugha na mwalimu wa lugha.

2. “Hata Nyerere, ualimu aliupata kwa M.A. ya Edinburgh.”

Si kweli, na sisi watu wa Mara tunapaswa kuijua vizuri habari hii. Mtoto wa Butiama aliingia Shule ya Mwisenge hapa Musoma mwaka 1934, akaenda Tabora, kisha Makerere mwaka 1943. Mwaka 1945 alitoka Makerere na stashahada ya ualimu. Alifundisha St. Mary’s, Tabora, kuanzia 1946 hadi 1949, na hapo ndipo akasafiri kwenda Edinburgh, akahitimu mwaka 1952. Tena M.A. ile, kwa desturi ya vyuo vikuu vikongwe vya Scotland, ni shahada ya kwanza. Aliporudi alifundisha St. Francis, Pugu, mpaka 1955 alipoacha kazi kwa ajili ya TANU.

Tazama mpangilio wake: ualimu kwanza, miaka mitatu ya chaki, ndipo masomo ya juu. Mtu huyohuyo baadaye alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Elimu ya juu ilimpanua. Ila jina la Mwalimu alilistahili kabla hajaondoka.

3. “Lugha uliyokulia nayo huhitaji kusomea kuifundisha.”

Si kweli. Wamisionari wa Maryknoll walifika Musoma mwaka 1946, na chuo chao cha lugha pale Makoko, jirani kabisa na Buhare, kilifundisha Kiswahili kwa wageni kwa miongo kadhaa. Watu wa mji huu wamewasikia wageni hao wakijaribu Kiswahili chao sokoni. Wamewahi pia kuulizwa maswali yanayomwacha mzungumzaji kimya.

Chukua sentensi moja: “Rafiki yangu mzuri amefika.” Mgeni makini atauliza kwa nini ni *yangu* na si *wangu*, ilhali unasema *mzuri* na *amefika* kama kwa mtu mwingine yeyote. Sisi tunaitamka bila kufikiri. Mwalimu aliyesomea kazi hii atamweleza kwamba viumbe hai huchukua upatanisho wa A-WA katika kivumishi cha sifa na katika kitenzi, lakini majina ya undugu na urafiki yasiyo na kiambishi cha M-WA hubaki na umiliki wa I-ZI: *baba yangu*, *dada yangu*, *rafiki yangu*. *Mtoto* na *mke* yamo katika M-WA, ndiyo maana ni *mtoto wangu*, *mke wangu*. Kisha hatakomea kwenye kanuni, atampa mwanafunzi picha ya familia na kumtaka amtambulishe kila mmoja.

Upande wa pili ni uleule. Kifaransa kina irabu katika neno *tu* ambayo Kiswahili hakina, na mwanafunzi wa Musoma ataitamka kama ile ya *tout*. Kumwambia “sikiliza tena” hakumsaidii. Mwambie atamke *i*, ulimi usisogee, halafu aviringe midomo kama anayetaka kusema *u*. Sauti inatoka. Ujanja wa namna hiyo unafundishwa katika kozi ya mbinu za kufundishia lugha, na mzungumzaji wa asili anaweza kuishi miaka sabini asiujue.

4. “Digrii ya Chuo Kikuu Huria haikubaliki.”

Si kweli hata kidogo, na inasikitisha kwamba kauli hii bado ina wasikilizaji. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ni chuo cha umma. Kiliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, kikaanza kufundisha mwaka 1994, na kina kituo chake cha mkoa hapa Musoma. Kinatoa PGDE, na mwanafunzi wake analazimika kwenda shuleni kwa mazoezi ya kufundisha yanayosimamiwa, sawa na mwenzake wa chuo cha bweni. Kwa mtu wa Buhare mwenye shahada ya lugha, mtoto mchanga na duka dogo la kuangalia, hii ndiyo njia isiyomlazimu kuhama. Inataka nidhamu kubwa ya kusoma peke yako. Thamani ya karatasi yake haina walakini.

5. “Shule binafsi haziangalii usajili, kujitolea kunatosha.”

Si kweli. Sheria ya Elimu haitenganishi shule ya serikali na ya binafsi katika jambo hili: anayefundisha lazima awe na usajili au leseni. Mmiliki anayekuingiza darasani bila karatasi amekuweka mahali pabaya, na mkaguzi akifika utakayeambiwa ukae nje ni wewe. Kujitolea kunakupa uzoefu na barua nzuri ya mkuu wa shule. Vitunze. Ila miaka minne ya kujitolea haigeuki kuwa mwaka mmoja wa ualimu.

6. “Cheti cha DELF au HSK ni leseni ya kufundisha.”

Nusu kweli. DELF na DALF kwa Kifaransa, na HSK kwa Kichina, hupima kiwango chako cha lugha, na huheshimiwa duniani kote. Kwa anayeanza Kichina, Taasisi za Confucius za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Dodoma, zilizofunguliwa mwaka 2013, zimewafungulia Watanzania wengi mlango. Cheti hicho kinathibitisha kuwa lugha unayo. Kuhusu kufundisha hakisemi kitu.

Hivyohivyo kwa BAKITA, baraza lililoundwa mwaka 1967, ambalo huendesha mafunzo ya kufundisha Kiswahili kwa wageni na kutunza kumbukumbu za wataalamu wa lugha. Ni mafunzo yenye faida kubwa kwa atakayefundisha watu wazima, ubalozini au katika vituo vya lugha. Ukitaka darasa la shule, unarudi kwenye kauli ya kwanza.

Na kama shahada yako umeipata nje ya nchi, ipeleke Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ipate utambuzi kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Chuo kiwe na sifa kiasi gani, hatua hiyo hairukwi.

7. “Usajili wa Tanzania unatosha kuvuka nao mpaka.”

Si kweli. Kutoka Musoma hadi mpakani Sirari ni safari ya asubuhi moja, lakini ukivuka tu unaingia chini ya Tume ya Huduma kwa Walimu ya Kenya, yenye usajili na masharti yake. Afrika Mashariki ina makubaliano ya kutambuana kitaaluma kwa wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Walimu hawakuwekwa katika kundi hilo. Afrika Kusini, iliyotangaza mwaka 2018 kwamba Kiswahili kitakuwa somo la kuchagua shuleni, nayo ina baraza lake la kusajili walimu.

Marekani kila jimbo hutoa leseni yake. Kwa kawaida hutaka shahada ya kwanza, programu ya mafunzo ya ualimu iliyoidhinishwa, na mitihani. Kwa walimu wa lugha, majimbo mengi hutumia mtihani wa mazungumzo wa ACTFL, shirika la kule la ufundishaji wa lugha, na Kiswahili kimo kati ya lugha zinazopimwa. Zipo programu za uzamili kule ambazo ndani yake zimebeba mafunzo yote ya ualimu, ndiyo sababu mtu anaweza kurudi nyumbani na kusema M.A. ndiyo iliyompa leseni. Iliyompa leseni ni ile sehemu ya ualimu iliyokuwa ndani ya M.A., na aliyeitia saini ni jimbo.

Vijana wetu wanaokwenda kusaidia kufundisha Kiswahili katika vyuo vya Marekani kwa mpango wa Fulbright FLTA wajue pia kwamba mwaka ule wa masomo hautoi shahada wala leseni. Unatoa uzoefu mkubwa na watu wa kukuandikia barua. Nenda, jifunze, rudi uendelee na safari yako.

8. “Basi uzamili hauna faida kwa mwalimu wa shule.”

Si kweli, na hii ndiyo ningependa isikike kuliko zote. Kuweka ualimu kwanza si kuudharau uzamili. Mwalimu aliyefundisha miaka mitatu minne anaingia chuo kikuu na swali lake mkononi, na swali hilo halipo vitabuni. Fikiria mwalimu wa Kiingereza hapa Mara. Darasani mwake kuna watoto wa Kijita, Kikwaya, Kizanaki, Kijaluo na Kikurya. Aliyekulia kwenye Kikurya hana kawaida ya kutenganisha *r* na *l*, na akichanganya *rice* na *lice* darasa linamcheka. Baada ya kuchekwa mara mbili hanyooshi mkono tena. Je, mtoto huyo afundishwe kusikia tofauti kwanza, au kuitamka kwanza? Aandikiwe alama ya kosa kwenye imla, au asubiriwe? Huo ni utafiti kamili wa uzamili, na hakuna atakayeufanya vizuri kuliko mwalimu wake.

Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umezipa lugha uzito mpya. Kiingereza kinaanza mapema shule ya msingi, huku Kifaransa, Kiarabu na Kichina vikiwa masomo ya kuchagua. Kuna vitabu vya kuandikwa, mitihani ya kutungwa, na walimu wa kufundishwa katika vyuo vya ualimu. Kazi hizo zinahitaji watu wenye uzamili ambao wamewahi kushika chaki.

Kwa hiyo, kijana wa Buhare, fanya hivi. Chuo cha Maendeleo ya Jamii kilichopo hapo kwenu ni chuo kizuri, lakini wanaosoma pale huandaliwa kuwa maafisa maendeleo ya jamii, mtu asije akakuambia ni njia ya darasani. Ukitoka kidato cha sita, omba shahada ya ualimu yenye lugha kama somo la kufundishia. Ukiwa na shahada ya lugha tayari, chukua PGDE, na kituo cha Huria kiko Musoma. Uliza ofisi ya elimu ya halmashauri utaratibu wa usajili unaotumika mwaka unaohitimu, usiulize kwenye foleni. Pata mtihani wa kimataifa wa lugha yako. Fundisha. Kisha, swali la wanafunzi wako likikunyima usingizi, nenda ukasome uzamili, urudi nalo likiwa na jibu.