Deni Huzaliwa Siku ya Oda

Tarehe 9 Desemba 2015 Watanzania hawakuona gwaride la Uhuru. Rais John Magufuli, mwezi mmoja tu tangu aapishwe, alifuta sherehe, akawataka wananchi wafanye usafi, na shilingi bilioni 4 zilizotengwa kwa shamrashamra zikaelekezwa kupanua barabara ya Mwenge hadi Morocco jijini Dar es Salaam. Watu walishangilia, na hawakukosea. Ila bajeti ya mwaka ule wa fedha ilikuwa kama trilioni 22.5. Piga hesabu: kilichookolewa hakikufika shilingi 2 katika kila 10,000.

Hatua za namna hiyo zina kazi yake, maana mkubwa akijibana, wadogo huona aibu kutanua. Tatizo ni kwamba mjadala wetu wa kubana matumizi huishia palepale, kwenye semina, safari za nje, magari ya wakubwa na vitafunwa vya vikaoni. Mzigo hasa uko kwingine: mishahara, miradi mikubwa, na deni la taifa, ambalo kwenye vitabu vya bajeti lina hata namba yake, Fungu 22. Deni na mishahara havingoji. Mapato yakipungua, mkasi unaangukia dawa, matengenezo ya barabara na malipo ya wakandarasi.

Tumewahi kuibana bajeti kwelikweli. Benjamin Mkapa aliingia madarakani mwishoni mwa 1995 akaikuta Hazina hoi: wahisani walikuwa wamezuia misaada kwa sababu ya misamaha holela ya kodi, na mfumuko wa bei ulikuwa unakaribia asilimia 30. Januari 1996 ikaanza bajeti ya fedha taslimu, yenye sharti moja gumu: Hazina isitoe zaidi ya ilichokusanya. Julai mwaka huohuo Mamlaka ya Mapato, TRA, ikaanza kazi. Serikali ikaacha kukimbilia Benki Kuu kila ilipopungukiwa, na kufikia 1999 mfumuko ulikuwa chini ya asilimia 10. Kwa kipimo hicho, dawa ilitibu.

Lakini ilikuwa na madhara ambayo hayakuonekana kwenye hotuba. Mgawo wa mwezi ukija pungufu, mfungwa bado anahitaji ugali na mgonjwa bado anahitaji shuka. Ofisi inaandika oda, mzabuni anashusha unga na maharage, ankara inakaa kwenye droo. Na kwa kuwa vitabu vilihesabu pesa iliyotoka, si mzigo uliopokelewa, mwaka ulifungwa bila nakisi huku deni likikua. Ni sawa na familia inayojisifu kwamba haijazidisha mshahara, wakati daftari la madeni la Mangi mwenye duka limejaa jina la baba.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo, na naona wachumi wengi tunalipita haraka. Deni la serikali halizaliwi siku Hazina inapolipa. Huzaliwa siku ofisa anaposaini oda. Ukidhibiti malipo bila kudhibiti oda, hujapunguza matumizi. Umemgeuza mwenye duka la vifaa vya ofisi kuwa benki yako, tena bila kumwomba.

Naye si mjinga. Mzabuni aliyesota kusubiri malipo hupandisha bei kwenye zabuni inayofuata, kwa hiyo serikali hununua ghali kuliko wewe na mimi. Mkandarasi wa barabara ana kifungu cha riba ya ucheleweshaji ndani ya mkataba wake, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, CAG, amekuwa akizitaja riba hizo kwenye ripoti zake. Fedha hizo hazijengi hata karavati. Mfanyabiashara mdogo aliyekopa benki ili ahudumie serikali ndiye huuziwa nyumba.

Mfano mkubwa zaidi ni pensheni. Julai 1999 watumishi wa umma waliingizwa kwenye mfumo wa kuchangia chini ya mfuko wa pensheni wa PSPF. Waliokuwa kazini kabla ya hapo hawakuwa wamechangia kitu, hivyo Serikali ikaahidi kulipia miaka yao ya nyuma. Mfuko ukawalipa wastaafu. Hazina haikuurejeshea fedha kwa wakati. Mifuko ilipounganishwa 2018, deni likahamia mfuko mpya, PSSSF, na mwaka 2021 Serikali ikalazimika kutoa hatifungani maalumu zisizo taslimu za zaidi ya shilingi trilioni 2. Deni halikuanza mwaka huo. Lilikuwepo kwa miaka, halikuandikwa tu mahali linapotisha.

Kenya nako, Mswada wa Fedha wa 2024 ulikusudia kukusanya kodi zaidi, shilingi za Kenya bilioni 346. Juni 25 waandamanaji waliingia Bungeni, watu wakauawa, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Makadirio ya matumizi yakapunguzwa. Lakini wakandarasi na wazabuni wa kaunti walikuwa wakidai tangu miaka ya nyuma, na ankara haifutiki kwa sababu kifungu kimekatwa.

Vyombo vya kuzuia haya vipo. Tanzania ina mfumo wa kompyuta wa malipo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, ina Sheria ya Bajeti ya 2015, na tangu 2023 zabuni hupitia mfumo wa NeST. Oda isitoke kama kifungu hakina fedha: kanuni ni nyepesi. Huvunjwa na oda za mdomo, za simu ya bosi, na makisio ya mapato yanayokuzwa ili kila wizara ipate kidogo. Afisa Masuuli aliyeagiza nje ya mfumo aandikiwe deni hilo yeye binafsi, nami siombi radhi kwa ukali huo.

Lipo pia suala la uhakiki. Mzabuni akidai, huambiwa deni linahakikiwa, na ni kweli ankara za kughushi zipo. Uhakiki usio na mwisho, hata hivyo, ni njia ya kutolipa. Uwekewe siku 90. Zikipita bila pingamizi la maandishi, deni liingie Fungu 22 na lisomwe Bungeni mwezi Juni pamoja na nakisi, likiwa na umri wake.