Paneli Bila Kontrola ni Kuua Betri



Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam huingia Burundi kwa njia ya Kabanga na Kobero. Hati zikichelewa mpakani, kebini ndiyo nyumba ya dereva na tingo wake. Humo wanahitaji taa, redio na chaji ya simu, na injini imezimwa. Wenzetu wa mashambani, ambao nyumba zao hazijafikiwa na nyaya za umeme, wana shida hiyo hiyo. Jua tunalo: huko Mubuga, mkoani Gitega, kituo cha sola cha megawati 7.5 kilianza kazi mwaka 2021. Lakini paneli hainunuliwi kwa kutazama ukubwa wa kioo.

Tuhesabu kwanza matumizi ya usiku mmoja. Taa 3 za wati 5 kwa saa 5 ni wati-saa 75. Redio ya wati 5 kwa saa 4 ni 20. Simu mbili tuzipe 25. Jumla ni 120. Wakati wa mvua tutegemee saa 4 tu za jua kali, na theluthi moja ipotee kwa joto, vumbi na nyaya. Paneli ya wati 45 ndiyo ya chini kabisa. Afadhali ya 60. Betri ya volti 12 itatoa ampea-saa 10 kila usiku. Betri ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu, na siku ya mawingu lazima ihesabiwe, kwa hiyo tafuta ya ampea-saa 40.

Sasa kontrola. Wauzaji wengine husema paneli ndogo haiihitaji. Tusikubali! Betri hiyo hujaa kwenye volti 14.4 hivi, lakini paneli yake hufika volti 21 au 22. Bila kizuizi, maji ya betri huchemka na kukauka, na mshahara wa mfanyakazi umepotea. Usiku nayo kontrola hukata taa kabla betri haijafa.

Soma karatasi iliyo nyuma ya paneli. Chukua ampea zilizoandikwa Isc, ongeza robo. Paneli ya wati 60 ina kama 3.5, basi kontrola ya ampea 10 yatosha. Volti za Voc zisizidi kipimo cha kontrola. Kontrola ya PWM ni rahisi, nayo yafaa kwa paneli yenye seli 36. Ukinunua paneli kubwa ya seli 60 kwa betri ya volti 12, PWM itapoteza zaidi ya nusu ya nguvu. Hapo inatakiwa MPPT, inayogeuza volti za ziada kuwa ampea. MPPT ya kweli ni nzito, ina koili ndani. Maandishi ya boksi peke yake si ushahidi.

Lori hutumia volti 24, na betri ya kuwashia injini isiguswe. Tajiri anayekataa betri ya pili ndiye atakayelipa gari la kuvuta. Juu ya kebini paneli ilale tu, maana tuko karibu na Ikweta, ila kivuli cha bomba la moshi kisiifikie. Kwenye paa la nyumba iinamishwe kidogo, mvua ioshe vumbi.

Wakati wa kufunga, unganisha betri kwanza, kisha paneli. Kufungua ni kinyume chake. Fyuzi ikae karibu na ncha chanya ya betri.